Shamba la Kulinganishia

Maiti ya bwana shamba ilikutwa Jumatatu asubuhi, imelala kifudifudi kati ya mstari wa kumi na moja na wa kumi na mbili wa mahindi ya Mama Pacha. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, kijani kimekolea, na hakuna hata mche mmoja uliovunjika kando yake.

Jambo hilo ndilo lililomfanya Inspekta achuchumae.

"Mtu mzima wa kilo themanini anaanguka," alimwambia sajini wake, "na hata jani halichaniki?"

Sajini, mwanamke kijana mwepesi wa kalamu, aliandika.

Kisogo cha marehemu kilikuwa kimepasuka. Mgongo wa shati ulikuwa umelowa mvua ya jana. Inspekta alisubiri picha zipigwe, kisha akaomba maiti igeuzwe taratibu. Aliweka kiganja kwenye udongo uliokuwa chini ya tumbo la marehemu. Nao ulikuwa umelowa chapachapa.

"Mvua ilianza saa ngapi jana?"

"Saa tisa alasiri, afande. Ikanyesha mpaka magharibi."

"Basi huyu aliwekwa hapa ardhi ikiwa imeshalowa. Andika."

Mfuko wa shati wa marehemu ulikuwa umevimba. Inspekta aliufungua kwa koleo. Ulikuwa umejaa udongo mwekundu ulioshindiliwa, mkavu katikati, na ndani ya udongo huo kulikuwa na funza watatu weupe, wanene, wamejikunja, vichwa vyao vya rangi ya kahawia. Mmoja alijinyoosha, akajikunja tena.

Inspekta alikuwa na miaka thelathini kazini, na amebakiza miwili astaafu. Kituoni walimwita Futi, kwa sababu hakutoka bila futi ya seremala mfukoni na alipima hata visivyoombwa kupimwa. Jina halikumuudhi. Kilichomuudhi ni kwamba Mkuu wa Upelelezi, ambaye simu zake zilikuwa zikiita mfukoni kila baada ya dakika kumi, alikuwa mwanafunzi wake. Yeye ndiye aliyemfundisha kufungua jalada, kushika kielelezo, hata kunyamaza mbele ya shahidi. Sasa kijana alikuwa na ofisi yenye pazia, na Futi alikuwa na matope kwenye viatu.

Mama Pacha, mwenye shamba, alikuwa ameketi chini ya kibanda kando ya njia, khanga imemfunika mpaka kidevuni. Yeye ndiye aliyeiona maiti alipokuja kuhesabu wadudu. Pikipiki ya bwana shamba ilikuwa imeegeshwa pale pale kibandani, mahali alipoiacha siku zote.

"Unahesabu wadudu gani, mama?" Inspekta aliuliza.

"Hawa wa udongoni. Mabuu ya mbawakawa, sota, na mchwa. Wanakula mizizi, mahindi yanalala kabla hayajabeba." Sauti ilikuwa ikitetemeka, lakini kazi aliijua. "Unachimba shimo la futi moja kila upande, unachekecha udongo, unahesabu. Bwana shamba alitufundisha. Jumatano wageni wangekuja kuona. Hili ndilo shamba darasa."

Inspekta alimwonyesha chupa yenye funza watatu. "Hawa ni wa hapa?"

Mama Pacha aliitazama chupa, akatikisa kichwa. "Hapa? Nililima mapema jua likawakausha na ndege wakawala, nikapanda mbegu zilizopakwa dawa, na mwaka jana baada ya mavuno nilipumzisha mahindi nikaweka kunde. Tangu nipande sijaona funza hai katika shamba hili. Daftari langu lipo, kaangalie."

"Bwana shamba alikuwa anakuja mara ngapi?"

Alisita. "Mara tatu kwa wiki. Msimu huu, karibu kila siku."

"Na mumeo alilionaje hilo?"

Mama Pacha alivuta khanga juu zaidi. Sajini aliandika na hilo.

* * *

Mumewe alikuwa fundi wa mitambo mwenye gereji ndogo barabarani, mtu wa mabega mapana, mikono imejaa grisi. Alichukuliwa kabla ya adhuhuri, akaketishwa katika chumba cha mahojiano.

"Majirani wanasema ulisema utamvunja miguu bwana shamba," Inspekta alianza.

"Nilisema."

"Lini?"

"Mara nyingi. Ukitaka tarehe muulize mke wangu. Yeye ndiye anayeweka kumbukumbu za kila kitu siku hizi."

"Kwa nini ulisema?"

"Afande, umeoa?"

"Nimeoa."

"Mkeo anaamka alfajiri, anajipaka mafuta, anavaa hereni, halafu anakwambia anakwenda kuchimbua funza?"

Sajini aliinamisha uso juu ya karatasi.

"Jana kuanzia mchana ulikuwa wapi?"

"Gereji. Nilikuwa nafungua injini ya trekta."

"Nani alikuona?"

"Injini." Fundi alijipangusa uso, akaacha mstari mweusi kwenye paji. "Nilikuwa na wivu, sikatai. Wivu ulinila kama hao wadudu wao. Lakini sikumgusa mtu."

Nyuma ya gereji kulikuwa na kipande cha viazi vitamu. Inspekta alichimba shimo la futi moja kila upande, kama alivyoelekezwa, akachekecha. Alipata funza saba, wote hai. Sajini alimtazama kwa macho ya ushindi.

Jioni hiyo Mkuu wa Upelelezi alimwita kwenye ile ofisi yenye pazia.

"Mzee, tunasubiri nini? Mtu ametishia, hana shahidi, maiti imekutwa shambani kwa mkewe, na funza wapo kwake. Andika tumpeleke mahakamani."

"Udongo wa gereji ni mweusi, afande. Una mafuta. Ule wa mfukoni ni mwekundu."

"Udongo ni udongo."

"Nipe siku moja."

"Wewe unapenda kuchelewesha mambo." Alisema kwa upole, kama mtu anayemvumilia babu yake. "Haya. Siku moja."

"Ndiyo, afande," alisema Futi. Kwa miaka minne alikuwa akilisema neno hilo kila siku. Alitoka akijua kwamba kesi ikienda vizuri atasifiwa kijana, na ikienda vibaya italetwa mezani kwake mwenyewe.

* * *

Jumanne asubuhi daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa na majibu mafupi.

"Pigo moja. Kitu kizito chenye ukingo mnene, mathalani upande wa nyuma wa jembe. Lilitoka juu kwenda chini. Marehemu alikuwa ameinama, pengine amepiga magoti. Amefariki kati ya saa saba na saa tisa mchana wa Jumapili."

"Kabla ya mvua."

"Kabla. Na kitu kingine." Daktari alimpa kichupa. "Katika ule udongo wa mfukoni na puani mwake kuna vipande vya majani yaliyotwangwa. Nimepeleka sampuli maabara. Mimi si mkulima."

Inspekta hakusubiri maabara. Alimkuta Mama Pacha kibandani, macho yamevimba, usiku mzima hakulala kwa ajili ya mumewe. Hakumweleza kichupa kimetoka wapi. Alikifungua tu, akamsogezea puani.

"Mwarobaini," alisema papo hapo. "Umetwangwa. Haujapita wiki."

"Mnautumia?"

"Sisi hatutumii. Bwana shamba alikataza kuchanganya, eti tusijue kipi kimefanya kazi." Alirudisha kichupa. "Zamani dada yangu mkubwa alikuwa akiutumia. Yeye ndiye aliyenifundisha kuutwanga, mimi bado msichana. Lakini sasa shamba lake halitakiwi kuwekwa kitu chochote. Ni la kulinganishia."

"La kulinganishia na nini?"

"Na langu." Ndipo alipoonekana kusikia alichokisema. Aligeuza uso kuelekea ng'ambo ya njia, kisha akaurudisha haraka. "Dada amenilea, afande. Mama alipofariki nilikuwa na miaka mitatu. Amenibeba mgongoni huyu."

"Sijauliza hilo, mama."

"Najua," alisema polepole. "Hujauliza."

Mashamba yale mawili yalikuwa shamba moja la baba yao, limegawanywa na njia ya miguu. Udongo ulikuwa ule ule mwekundu. Lakini upande wa pili mahindi yalikuwa ya manjano, mafupi, mengine yamelala ubavu kama yaliyokanyagwa na ng'ombe. Sajini aliushika mche mmoja, ukang'oka bila kuvutwa. Mizizi ilikuwa imeliwa yote. Katikati ya uharibifu huo kilisimama kibao cheupe chenye herufi kubwa nyeusi: SHAMBA LISILOTIBIWA.

Dada Mkubwa aliwakaribisha barazani. Jumatatu walikuwa wamezungumza naye kwa dakika tano tu. Alisema hakuona kitu, mvua ilimfungia ndani. Alipoulizwa kuhusu shemeji yake, alijibu, "Ya mke na mume mimi siyaingilii." Inspekta alikuwa amelisikia jibu hilo kama heshima. Leo alilisikia vingine.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, amenyooka. Ukutani kulikuwa na picha sita katika fremu, moja kwa kila mwaka. Katika kila picha alisimama katikati ya mahindi marefu kuliko yeye, na kando yake bwana shamba, anacheka.

"Wewe ndiye uliyekuwa na shamba darasa," Inspekta alisema.

"Miaka sita."

"Likahamishwa lini?"

"Mwaka juzi."

"Kwa nini?"

"Alisema wakulima wanataka kuona sura mpya." Alitabasamu kidogo. "Sura mpya."

"Naomba nitembee shambani kwako."

"Hakuna cha kuona. Ndiyo kazi yake, kutokuwa na kitu."

Inspekta alitembea mstari kwa mstari. Kule mwisho, karibu na ua, palipofichwa na mtaro, mistari minne ya mahindi ilikuwa imesimama wima, kijani. Aliinama, akafukua kwa kidole. Chengachenga za majani yaliyotwangwa zilikuwa zimezungushwa kila shina kwa uangalifu, kama mtu anayepaka mtoto dawa.

Kando ya mistari hiyo kulikuwa na mahali palipofukiwa. Alitoa futi yake.

"Shimo la kuhesabia ni futi moja kila upande," alimwambia sajini. "Soma hapa."

"Futi tatu na nusu kwa tatu, afande."

"Mtu alichimba shimo la kuhesabia. Mwingine akaja akalipanua. Unadhani alikuwa anatoa nini?"

"Udongo wenye damu."

Waliuona umemwagwa kwenye mtaro, mvua imeusukuma lakini haikuumaliza. Nyuma ya nyumba waliona toroli limeoshwa mpaka linang'aa, na turubai limeanikwa. Jembe lilikuwa limeoshwa pia, ila mahali mpini unapoingia kwenye chuma palikuwa na unywele mmoja. Sajini alivitia vielelezo mifukoni, akaandika tarehe na saa. Kisha akamtazama mkubwa wake. Inspekta alikuwa bado amesimama mbele ya kibao cheupe.

* * *

Hakumfunga pingu. Alimketisha katika chumba kile kile alichoketi Fundi, akamsomea haki yake: halazimiki kusema neno, na atakalolisema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Dada Mkubwa alisikiliza kwa makini, kama alivyosikiliza masomo yote maishani mwake.

"Mistari ile minne ni yako?" Inspekta aliuliza.

"Shamba lote ni langu."

"Ile yenye mwarobaini."

Dada Mkubwa aliitikia kwa kichwa.

"Uliiweka lini?"

"Alhamisi iliyopita niliongeza. Nilianza wiki nne nyuma."

"Kwa siri?"

"Ndiyo."

"Mtu anatibu mahindi yake mwenyewe kwa siri. Kwa nini?"

Inspekta aliweka kalamu chini. Kilichomtoka baada ya hapo hakikuwa mbinu ya kazi, na sajini, aliyeyajua maswali yake yote, aliinua kichwa.

"Mkubwa wangu wa kazi, dada, nilimfundisha mimi. Nilimwonyesha hata namna ya kukunja ripoti. Siku hizi ananiambia nachelewesha mambo, nami nasema ndiyo, afande. Kila nikisema, natazama lile pazia lake." Aliitoa futi mfukoni, akaiweka mezani. "Siku nyingine huwa namwombea akosee. Kosa dogo tu. Wazee wenzangu wanasema nishukuru, nimetoa mtu."

Dada Mkubwa alimgeukia.

"Na mimi waliniambia nishukuru," alisema. "Nimetoa mtu."

Alivuta pumzi, akaanza kusema. Sajini aliandika bila kuinua mkono.

"Nilipomfundisha mdogo wangu kulima mapema, alikuwa hajui hata funza yupi anakula mzizi na yupi anakula samadi. Nilimfundisha kukata kiazi, kukifukia usiku mmoja na kukichimbua asubuhi, uone nani amekuja kula. Bwana shamba alivikuta vyote kwangu. Yeye alileta daftari tu. Miaka sita tulikwenda pamoja. Akija, kwanza anakaa barazani kwangu, anakunywa maji, ananiuliza, unaonaje? Mtu msomi, ananiuliza mimi unaonaje."

"Ulimpenda?"

"Sijui jina la kitu kile." Alitazama mikono yake. "Mume wangu amefariki miaka kumi na miwili. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza naonaje. Siku moja akahama. Pikipiki ilisimama pale pale kibandani, lakini miguu ikageukia upande ule. Nikamsikia anamuuliza yeye."

"Na kibao?"

"Alikuja akaniambia, dada, nisaidie msimu mmoja. Acha shamba lako bila kitu, lile la mdogo wako lionekane. Ni wewe tu ninayekuamini, mwingine ataiba atie dawa. Nikakubali, kwa sababu alisema ni mimi tu. Tutakulipa gunia kwa gunia. Magunia wakaleta. Afande, wageni walikuja na magari. Walianzia kwangu. Wakasimama mbele ya baraza ya nyumba yangu, wakasema, masikini, tazama. Wakapiga picha. Halafu wakavuka njia kwenda kumpigia makofi yeye. Msimu huu akasema tena, mmoja tu. Ndipo nikaanza kutwanga. Mistari minne, niwe na mahali pa kutazama."

"Jumapili akaiona."

"Alikuja saa nane kuhesabu kwa ajili ya Jumatano. Nilikuwa na jembe, napalilia kando ya ua. Alichimba shimo, akapiga magoti, akanusa. Nikadhani atacheka. Aliniambia nimemharibia kazi ya miaka miwili. Akaniita mshamba. Nikasema samahani. Akasema hajakasirika, ila nimetwanga vibaya, angalia namna mdogo wako anavyofuata maelekezo, kamuulize akufundishe."

Feni ya darini ilikuwa ikikwaruza.

"Kamuulize akufundishe," alirudia. "Aliinama tena kuhesabu. Nikampiga."

"Mara ngapi?"

"Moja. Aliangukia shimoni, uso ndani. Mvua ilipowaondoa watu njiani nilimtia kwenye toroli, nikamfunika, nikavuka. Nilimbeba mgongoni mpaka mstari wa kumi na moja, nisivunje mahindi."

Inspekta aliinua macho. "Kwa nini usivunje?"

"Yalikuwa mazuri," alisema, kana kwamba swali lilikuwa la ajabu. "Ila nilitaka yasitazamwe. Nani atakuja Jumatano kupiga makofi kwenye shamba lenye maiti?"

"Na shemeji yako? Tumemlaza mahabusu tangu jana."

"Sikumfikiria, naapa. Lakini mlipomchukua nilimwona mdogo wangu anakimbia nyuma ya gari, kiatu kimoja." Sauti yake ilishuka. "Nikasimama dirishani. Nikatazama mpaka akarudi. Andika na hilo, binti. Andika kwamba nilitazama."

Alitia sahihi kila ukurasa, kwa mwandiko wa polepole uliosomeka.

Fundi aliachiwa jioni hiyo. Mama Pacha alikuja kumchukua, na koplo wa zamu, ambaye hakuwa na sababu ya kumficha, alikuwa ameshamweleza. Aliomba kumwona dada yake. Kanuni hazikuruhusu. Inspekta alifungua mlango, akasimama kando.

Wale ndugu wawili walitazamana, mezani kati yao kuna karatasi tu. Mdogo ndiye aliyeanza kulia.

"Ungeniambia, dada. Ungeniambia tu. Ningewaambia wahame. Shamba darasa, kibao, picha, ningekupa vyote siku hiyo hiyo. Mimi ningejinyima nikupe."

Dada Mkubwa aliinyoosha khanga ya mdogo wake iliyokuwa imeteleza begani, akaikaza vizuri, kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule.

"Najua ungenipa," alisema. "Ndiyo maana sikuomba."